Tawi nililolikata Pemba

Mjukuu wangu Adela, marahaba. Huku bara, Nyamiaga, tu wazima, na ng'ombe wa bibi yako amezaa. Bibi anaucheka mwandiko wangu, lakini kalamu yeye haishiki.

Umeandika kwamba wanafunzi wako huko Pemba wanakuuliza, watawala wote waliopita kisiwani wamewafundisha nini watu wa huko? Umemuuliza anayejua. Ujanani nilichuma karafuu huko, na kwa kupanda miti hakuna aliyenifikia.

Siku ya kwanza nilikata tawi zima kwa panga. Sisi watu wa ndizi, mkungu ukikomaa tunaangusha mgomba, chipukizi linakua. Nilitaka kuwaonyesha wepesi.

Mwenye shamba, Bi Mize, akapiga kelele: "We mbara! Sultani alimlazimisha babu yangu kuupanda mti huu. Mwingereza akaja, akaondoka. Wote hao hawakuukata, uje uukate wewe!"

Nikabisha. "Kumbe ni mti wa sultani, si wako."

"Sultani aliupalilia lini? Panda mche mwingine, au urudi kwenu leo."

Na mimi nilikuwa nimemwahidi bibi yako kanga za Pemba, na ujira sijapata! Nikaupanda mche, nikaumwagilia msimu mzima.

Wape wanafunzi hilo neno la Bi Mize: sultani aliupalilia lini? Kisha uutafute mti wangu, uko karibu na kisima cha Bi Mize. Ukiukuta, usijisifu haraka. Chukua jembe, palilia shina lake, ndipo useme ni mti wa babu yako.

Mimi babu yako, bado napanda miti kuliko vijana.