Nimeosha Ndege ya Mabomu

Jumatatu, 4 Agosti
Mchumba wangu Séphora amepiga simu kutoka Hilliard, Ohio. Babake, mzee Zihindula, anakuja huku Buffalo Jumamosi kuniona kabla ya kukubali posa. Kuniona! Yaani kunikagua. Kumbe Séphora alimwambia mimi ni fundi wa ndege za vita. Fundi gani? Mchana nabeba maboksi ghalani Cheektowaga. Jioni najitolea hangarini kwa mzee Stan, anayetunza ndege moja ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Nashika ngazi. Nafuta oili. Nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli. Eti ukweli wangu ulihitaji kupigwa pasi kwanza.

Jumanne, 5 Agosti
Stan ana miaka themanini na moja na hajawahi kumsifu mtu. Leo nimepanga ngazi vizuri kabisa. Akasema: siyo hapo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata wazo! Kwetu Bukavu mkwe hapokelewi kwa gari chafu. Hata teksi ya kukodi inaoshwa kwanza. Stan alikuwa kwa daktari, nikamwita Cikuru, mpiga gitaa wa kanisa letu. Ndoo nne, sabuni ya unga, brashi. Tumeanza mkiani, tumemaliza puani, tukiimba. Bati linang'aa kama kioo, unaweza kunyolea ndevu. Uchafu ulizidi tumboni — viduara vya chaki kila mahali. Watoto wa shule waliokuja kutembelea, hakuna shaka. Wana adabu gani hawa? Tumevisugua vyote.

Alhamisi, 7 Agosti
Si watoto wa shule. Ni Stan!!
Wiki mbili alilala chini ya ndege akigonga riveti moja moja, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyoshika bati. Kila iliyolegea aliizungushia chaki. Leo alitaka kuanza kuzibadilisha, maana ndege inaruka Jumamosi. Daftari hana. Daftari lake ni tumbo la ndege.
Aliinama, akatazama, akainuka. Akauliza taratibu: nani? Nilifikiria kusema mvua. Mvua, ndani ya hangari! Nikasema ni mimi. Cikuru sikumtaja. Nilitamani ardhi inimeze.
Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alinipa chaki na nyundo ndogo. Riveti hizo zisipopatikana kesho, ndege hairuki, nami nisirudi tena.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeomba ruhusa kazini. Tangu alfajiri chali. Riveti nzima inalia ti. Iliyolegea inalia te, kama mtu mwenye mafua. Kufikia saa nne nimezungushia ishirini na tano. Stan anasema zake zilikuwa kumi na moja tu. Aibu! Akazipima upya, moja moja, ulimi nje.
Zote mbovu. Zote ishirini na tano!
Akanitazama, akaenda kunywa kahawa peke yake. Tumezibadilisha zote mpaka mgongo ukakataa. Kisha akanisukumia karatasi: aliyekagua anasaini, na anayesaini anapanda kuruka nayo. Anasema ndiyo desturi ya mafundi wa uwanjani tangu vitani. Nimesaini. Sasa mimi ndiye ninayelia te.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika nimelala chali, daftari kifuani.
Mzee Zihindula amefika na suti nzito, joto lote hili. Ameizunguka ndege mara mbili. Stan akamwambia kuna viti viwili ndani ya ndege, kimoja changu, kingine cha Mzee. Séphora akatafsiri. Mzee akanigeukia mbele ya watu wote:
— Bon, mukwe. Kule kwetu nilikimbiaka ndeke ya bombe mara tatu. Leo niingie ndani yake na mapenzi yangu? Hii ndeke, ni weye uliiangaria? Iko muzima?
Ameniita mkwe! Wiki iliyopita ningejibu ndiyo bila kupepesa jicho. Lakini Stan mwenyewe, miaka yote hiyo, zilimpita kumi na nne. Je, mimi zimenipita ngapi? Naogopa, nasema kweli.
Nikamwambia: Papa, nipe dakika kumi. Nikachukua nyundo, nikarudi chini ya tumbo.
Rubani anatazama saa. Séphora ameshika kichwa. Nimemaliza upande wa kushoto. Ti, ti, ti.
Naona viatu vya Mzee vimekuja karibu. Vimesimama. Koti limeanguka sakafuni. Sasa magoti. Sasa uso wake wote, umepinda, unanitafuta huku chini —
— Mukwe, nyundo ingine iko wapi?