Mikono Mitano ya Mama, Mikono Mitano Yangu

Uvira, Jumanne, mwezi wa tatu 1956

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakatika vizuri. Mawingu yameshuka kutoka mlimani yakakaa juu ya mabati yetu, na ziwa halionekani kabisa. Sikufungua duka leo. Nimekaa barazani, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nyumba niliyoitamani miaka yote, na sina furaha hata chembe.

Niandike tu. Labda kichwa kitapungua uzito.

Nyumba hii ya Rugenge nimeinunua kwa ajili ya mama. Tangu baba afariki, mama alikuwa akiishi Kavimvira kwa baba mdogo, katika chumba cha magunia ya ndagala. Kitanda chake kilisukumwa ukutani, magunia yakapangwa mpaka karibu na mto wake, na nguo zake zote zilinuka samaki. Wageni wa biashara wakija kutoka ng'ambo ya mpaka, wao hupewa kile chumba na yeye huhamia jikoni. Hakuwahi kulalamika. Kila Ijumaa nilipokwenda kumsalimia aliuliza neno moja tu: "Lini?" Nami nilijibu karibu, mama, karibu.

Basi mtu mmoja wa hapa mtaani alipohamia Usumbura akauza nyumba yake, nikairukia kama kuku anavyorukia mchwa. Vyumba viwili na sebule. Kikubwa changu na Zaina, mke wangu, pamoja na watoto. Kidogo cha mama, na dirisha lake la mbao upande wa kaskazini, lipitishe hewa, maana mama ana pumu.

Sasa nieleze kosa, maana ndilo linalonitafuna.

Mimi ni fundi cherehani. Mita ya kupimia kitambaa inaninging'inia shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Watoto wa mtaani wananitania kwamba nilizaliwa nayo. Nashona kanzu, nashona nguo za shule, na mtu wetu akifa, mimi ndiye ninayeitwa kukata sanda. Siku hizi hata mita siihitaji sana. Namtazama mtu akiingia mlangoni na jicho limeshampima.

Lakini kwetu, watu wa nguo tangu enzi za babu aliyevuka kutoka Ujiji, kipimo cha heshima ni mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mama alitaka kupima chumba chake mwenyewe. Akaja siku moja nikiwa dukani, Zaina akamfungulia, akapiga mkono wake ukutani kutoka upande wa ziwa mpaka upande wa mlima. Jioni akaniambia: mikono mitano. Ijumaa yake nikaenda Kavimvira nikapima kitanda. Mita ilikuwa shingoni. Sikuitumia. Nikapiga mkono wangu juu ya ubao, kutoka nguzo hadi nguzo. Mikono mitano! Nikacheka peke yangu mbele ya magunia yale. Nikasema Mungu amekipimia kitanda hiki chumba chake.

Mama yangu ni mfupi. Mimi nimerefuka kama baba.

Tano yake na tano yangu hazikuonana hata siku moja, na mimi ninayeishi kwa vipimo sikuliona hilo mpaka jana, kitanda kilipoingia ndani.

Kilikuja kichwani kwa watu, kimefunguliwa vipande vipande, kutoka Kavimvira mpaka hapa, na mama nyuma yake amebeba mto wake na sanduku dogo. Watu wa njiani walimtania kwamba bibi harusi anapelekwa kwa mumewe. Alikuwa anacheka. Nimeandika neno hilo makusudi, nisije nikalisahau: mama alikuwa anacheka.

Fundi Petero, seremala wa Luberizi, alikiunga tena chumbani. Ni kitanda cha mvule, cha Ujiji, kizito, na ubao wa kichwani umechongwa maua na unakaribia kugusa dari. Mama aliolewa nacho. Alituzaa sote juu yake. Baba alikata roho juu yake. Petero akakisukuma kichwa kielekee ziwani na miguu mlimani, jinsi mama anavyolala siku zote, ili akigeukia ubavu wa kulia uso wake uwe Kibla. Hakikuingia. Kilizidi kama shubiri moja hivi. Tukakiinamisha, tukakipandisha upande mmoja, tukakwaruza chokaa mpya ya ukutani. Shubiri haikupungua.

Petero akakigeuza. Kikaingia bila shida, kichwa kusini, miguu kaskazini, na nafasi kidogo ikabaki chini ya dirisha. Akafuta jasho akasema kwa kuridhika, akichanganya Kifaransa, "Iko bien, patron. Iko na nafasi yake."

Mama alikuwa mlangoni. Hakuingia.

"Petero, huku ni wapi?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye miguu ya kitanda.

"Ni kwa Ruzizi, mama. Kaskazini."

"Ni Kibla," mama akasema. "Minye siwezi kulala miguu yangu iko inanyooshwa Kibla. Hata muntu mugonjwa hamumulazi vile."

Petero ni Mkatoliki, maskini, hakuwa na habari. Akaomba radhi akakigeuza tena, kichwa kaskazini. Ubao ule mrefu ukasimama mbele ya dirisha, chumba kikawa giza kama ghala, na hewa ikakatika. Mama aliingia akakaa kitandani kidogo tu, akaanza kukohoa. Tulimtoa nje akiwa ameshika kifua.

Hizi nyumba zote zimepangwa kwa kamba ya Mbelgiji, moja nyuma ya nyingine, zinaitazama barabara. Nani angemuuliza mzungu wa viwanja habari za Kibla?

Zaina, Mungu ambariki, alisema tubadilishane, mama achukue chumba chetu kikubwa. Mama aliziba masikio kwa mikono miwili. "Minye nilale mahali weye unalala na bibi yako? Haya iko wapi?" Nikamwambia basi sebuleni. Akautazama mlango wa barazani, wanakopitia watu wote. Nikaelewa. Mtu hajatoka kwenye magunia aje kulala njiani.

Ikabaki msumeno. Petero alisema kwa sauti ndogo kwamba mbao za ubavuni zinaweza kufupishwa, halafu nguzo zirudishwe, na mtu asiyejua hatatambua. Nikakubali. Nakiri hapa kwamba nilikubali upesi mno, nilikuwa nimechoka na nilikuwa na aibu. Petero aliweka alama kwa kalamu yake ya seremala. Msumeno ulipogusa mbao mama alikuja kutoka uani na mikono yake ina unga.

"Mutakata kitanda? Basi munikate na minye. Muanze na miguu, ndiyo iko murefu kwa hii nyumba."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipigia kelele. Petero alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kudai chochote, na ule mkwaruzo wa msumeno upo pale kwenye mvule, mdogo kama ukucha. Zaina ameupaka mafuta ya nazi. Bado unaonekana.

Usiku wa jana mama alilala jikoni. Ndani ya nyumba niliyomnunulia, mama yangu alilala jikoni.

Asubuhi ya leo nilimwambia nitaiuza nyumba, nitatafuta nyingine. Nilisema kwa nguvu, kama mtu mwenye nyumba kumi. Sote wawili tulijua ni maneno matupu. Nilichokuwa nacho chote kipo ndani ya kuta hizi, na hakuna anayenidai atakayekubali kunisubiri tena. Mama akaomba kitanda kirudishwe kichwa kusini, jinsi Petero alivyokiweka kilipoenea mara ya kwanza, dirisha lipumue. Nikadhani amekubali. Moyo wangu ulinyanyuka kidogo, naona haya kuuandika ujinga huo. Mimi na Zaina tukakisukuma.

Baada ya swala ya adhuhuri nilimkuta mama chumbani. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, juu yake kuna sanduku lake, mto wake, na nguo zake zimekunjwa vizuri. Yeye hayupo juu yake. Ametandika mkeka chini, katika ile nafasi iliyobaki kati ya miguu ya kitanda na ukuta wa dirisha. Kichwa ziwani, miguu mlimani. Amelalia ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, uso umeelekea ukutani. Nyuma yake ubao wa kitanda, mbele yake ukuta, na katikati hakuna mahali pa kugeukia.

Nilipiga magoti nikamwomba aamke. Nikamwambia, mama, hapa ni pembamba mno, nitakutafutia kitanda kidogo cha kamba.

"Kitanda minye niko nacho," akasema. "Acha. Hapa inanienea. Na kule chini ya udongo watanipimia hivi hivi tu."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayezungumzia nguo. Halafu akafumba macho, akapumua vizuri, bila kukohoa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alipumua vizuri.

Mimi nilibaki nimepiga magoti, na ndipo jicho langu likafanya kazi yake. Sikulituma. Lilianzia utosini likateremka mpaka kwenye unyayo, likaongeza kile kinachoongezwa juu na kile kinachoongezwa chini kwa ajili ya kufungia, likajua ni kitambaa kiasi gani. Nilitoka mbio. Zaina aliniuliza macho yana nini, nikamwambia moshi wa jikoni.

Sitakiandika kipimo hicho hapa.

Sasa mvua inataka kuzidi tena. Mita nimeitundika kwenye msumari wa mlango. Kesho kutakucha, wateja watakuja dukani na vitambaa vyao, na mimi itanibidi niivae shingoni kama kila siku. Chumba nilikikosea, kitanda nikakikosea. Kipimo cha leo najua sikukikosea.