Mwezi Tuliohamia Sebuleni

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimekata sukumawiki mpaka vidole vikawa kijani. Akinyi wangu kakaanga samosa. Leo ni mkutano wetu wa kila mwezi, ukumbini, hapa Columbus. Watu kama sisi, wanaopenda wa jinsia yao: makuchu wa Afrika, Weusi waliozaliwa hapa, Mmeksiko mmoja mpole. Tunakula, tunaongea. Hakuna anayedanganya kuhusu anayempenda. Nashukuru. Huwa naingoja hii siku.

Jumanne, 7 Oktoba
Mwenye ukumbi amepiga simu. Amesikia sisi ni kina nani. Turudishe ufunguo. Hakupandisha sauti hata. Ule upole ndio ulioniumiza.

Alhamisi, 16 Oktoba
Ujumbe kutoka Louisville. Mkongo, anaitwa Bahati, anafanya kazi ghalani huko Jeffersontown. Rafiki yetu wa Buffalo ndiye aliyempa namba yangu. Anauliza kama kweli kuna mahali pa watu kama sisi. Anataka kuja mkutano ujao. Sijamjibu. Nimwambie nini?

Jumapili, 19 Oktoba
Akinyi anasema tukutane kwetu. Nimekataa. Hapa Westerville, pembeni mwa Columbus, tumezungukwa na watu wa kanisa. Tata Wairimu, dadake mama, aliyenipokea nilipokuja kusoma, anakaa mtaa wa pili na huingia bila kubisha. Kwake Akinyi ni mpangaji mwenzangu tu. Tumegombana. Akinyi ameenda kanisani peke yake.

Jumatano, 22 Oktoba
Naogopa. Basi, nimeandika. Nimemjibu Bahati: njoo, ni nyumbani kwetu. Nikamtumia anwani kabla sijageuza nia. Akinyi amenikumbatia jikoni, mikono imejaa unga.

Jumamosi, 1 Novemba
Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Bahati alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa ukingoni mwa kiti. Baadaye sana akasema, "Bon, mi nilikuwa nawaza niko peke yangu tu." Hakuna aliyecheka. Akinyi akamwongezea chapati.

Mchana ule mlango ukafunguka. Tata. Nikasema: "Tata, hawa ni watu wangu. Na Akinyi si mpangaji. Ndiye mwenzangu wa maisha."

Bahati alikuwa amesimama kumpisha kiti. Tata akamtazama. "Mama yako yuko wapi?"

"Iko Bukavu, mama. Hatusemezanaka tena."

Tata akakaa. Akala. Alipoondoka aliniita mlangoni. "Sijaelewa, Wambui. Sitakudanganya. Lakini huyo kijana asiende safari yote hiyo na njaa. Mfungie chakula."

Nikamfungia.

Jumapili, 2 Novemba
Bahati amefika salama. Anasema kuna mwenzake mmoja huko Louisville anayehisi naye ni kama sisi; safari ijayo atamleta. Nimefurahi mno.

Kanisani Tata hakukaa na sisi. Nililia ndani ya gari. Akinyi alinishika mkono palepale kwenye maegesho, watu wakipita. Sikuutoa.

Jumatano, 5 Novemba
Baridi imeingia. Tata alipiga simu nikiwa mapumzikoni kazini. Hakugusia Jumamosi. Alinieleza kuhusu goti lake, na binamu yangu anayetaka kuhama. Nikaitikia tu. Kabla hajakata akasema, "Msalimie Akinyi."

Miaka yote hii hajawahi kumtumia salamu.

Jioni nilimkuta Akinyi anaosha nywele kwenye sinki. Nikamwambia. Akafunga maji ili asikie vizuri.

Nikarudia.