Tone Jeupe kwenye Redio ya Mzee Kule

Bwera, Alhamisi, mwezi wa sita, 1974

Ukungu umeshuka mlimani tangu asubuhi na haujaondoka. Wateja wachache. Nimewasha redio moja tu dukani, tena kwa sauti ya chini, kwa sababu siku hizi ule mvumo ulio kati ya kituo na kituo siuwezi. Namsikia mtu humo ndani. Mungu anisamehe, najua hakuna mtu.

Lazima niandike. Nikinyamaza nitaugua.

Kazi yangu ni kuuza redio za mkononi, na simpi mtu redio kabla ya kumuuliza maisha yake. Mvuvi wa Hamukungu nampa yenye koti la ngozi, maana maji ya ziwa hayana adabu. Mkulima wa Karusandara anataka ya kutundika kwenye baiskeli, isiyokula betri. Wachuuzi wa Butembo hawaulizi betri, wanauliza kama inapata muziki wa kwao. Na nina desturi yangu moja: kwa asiyesoma namba, au mwenye macho dhaifu, naweka tone la rangi ya kucha juu ya kioo, pale mshale unapotakiwa kusimama. Jekundu ni Kampala, redio ya serikali. Jeupe ni kituo kingine anachokipenda mwenyewe.

Mzee Kule, katekista wetu mstaafu, alikuja mwaka jana. Masikio mazito, macho yanafifia. Alitaka kiredio kidogo cha kuweka mfukoni. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia hicho hatakisikia, nikampa kubwa, ya masafa mafupi, yenye spika ya kutikisa meza. Alipopata habari za Kiswahili kutoka ng'ambo alicheka kama mtoto. Nikafungua chupa, nikamwekea tone jeupe hapo hapo. Nilijisifu siku nzima.

Redio ile ilisikika mpaka barabarani.

Mwezi uliopita wanajeshi waliingia kwake baada ya misa. Siku hizi kusikiliza ng'ambo ni kufungwa, naye alisema anasikiliza Kampala tu. Wakatazama kioo, wakasogeza mshale mpaka kwenye lile tone, na ng'ambo ikaongea mbele ya watu wote. Wakampeleka kambini Kasese. Hajarudi.

Tangu siku hiyo napokea komunyo nikiwa na jambo hili rohoni. Sijamwambia padri. Sijamwambia mke wangu.

Leo mchana mke wa Mzee Kule ameingia dukani. Mama Biira mwenyewe, kitenge kimelowa. Nilitaka kujificha nyuma ya kabati.

"Fundi, unaniangalia kama nimefufuka," akasema. "Niko na haja ya redio. Ile walienda nayo. Nipatie mujinga moja, inajua Kampala tu, haina akili ya kufungisha mutu."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamchagulia ndogo, ya masafa ya kati tu, yenye kitufe kikubwa ambacho vidole vyake vitakijua. Akaikagua. "Sasa niwekee ile alama. Bamama ba kanisa wanasema unawekaga. Macho yangu imechoka."

Nikavuta droo kutoa chupa nyekundu. Ile nyeupe ilikuwa kando yake. Akaiona, akaichukua, akaigeuza geuza mkononi.

"Na ile ya mzee? Ni wewe?"

Ningeweza kukana. Kila msichana wa sokoni ana chupa kama ile. Nilifungua mdomo, na uongo ulikuwa tayari.

"Ni mimi, mama."

Akakaa juu ya sanduku la betri. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Wanajeshi walimuuliza mzee mara tatu ni nani aliyeweka alama. Mara tatu alijibu kwamba ni yeye, kwa mkono wake. Afande mmoja akamshika ule mkono unaotetemeka, usioweza hata kushika kikombe, akamwambia, "Mkono huu? Taja mtu!" Hakutaja.

"Wiki nne namuitaga mupumbavu," Mama Biira akasema. "Nasema moyoni, mutu gani anajipakia rangi ya kifo yake? Kumbe alikuwa anakuficha, wewe."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alisubiri niweke tone jekundu, akalipuliza likauke, akaifunga redio ndani ya kitenge. Mlangoni alisema kila Ijumaa anapeleka chakula kwenye geti la kambi. Wanapokea kikapu, hawasemi neno. Yeye anaamini kwamba kikipokelewa, kuna anayekula.

Kesho ni Ijumaa. Nilimwomba nimbebee kikapu. Aliitikia kwa kichwa tu.

Maneno ya kumwambia afande ninayo: tone ni langu, redio kubwa nilimchagulia mimi, yeye alitaka ndogo. Ni maneno machache, hata mtoto angeyakariri. Lakini nina watoto watano, na nimesali rozari nzima nikitafuta mahali pa kusimama kati yao na Mzee Kule. Sijapaona.

Mke wangu nitamwambia alfajiri, kabla ya basi.

Ee Mungu wangu, afande akinitazama pale getini akaniuliza, "Na wewe ni nani?", utanipa mdomo?