Jumapili Niliyomwacha Mwendwa kwa Mama Yake

Mji wa Wote, Jumapili jioni, mwezi wa nane, 1985

Leo jua halikutoka kabisa. Ni wingu zito tu na ule upepo wa Agosti unaoingiza vumbi la soko mpaka kwenye sufuria. Kila mtu anajikunyata, lakini mimi nimeshinda nikitokwa na jasho. Na si kwa woga. Sawa, na woga pia. Kwa nini nijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe?

Leo nimepumzika. Naandika tena ili nilione vizuri: nimepumzika.

Tangu nianze kazi kwa Mama Mumbua, kupika, kufua na kumlea Mwendwa, mtoto wake mchanga, sijawahi kupewa siku yangu. Naamka kabla ya watu, nalala baada ya watu. Jumapili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoiita mapumziko. Tunaenda kanisani sote. Mama Mumbua anakaa mbele na akina mama wenzake wa vitambaa vyeupe, Mwalimu mume wake anakaa na wazee, na mimi nakaa nyuma kabisa, kwenye mkeka, pamoja na wasichana wengine wa kazi, kila mmoja na mtoto wa mtu mapajani. Mtoto akilia tunatoka naye nje. Mahubiri nayasikia vipande vipande, kama redio iliyoishiwa na betri.

Wakati huo mtoto wangu mimi, Ndinda, yuko ng'ambo ya mto Kaiti kwa mama yangu. Ana miaka mitatu. Nikianika nguo naliona bati la nyumba yetu kule ng'ambo. Si mbali, ni kuvuka mchanga wa mto na kupanda kilima. Lakini mara ya mwisho nilipoenda, kwa mazishi ya shangazi, Ndinda alimwita mama yangu "mwaitu", yaani mama, na mimi akaniita yule wa Wote.



Basi wiki iliyopita kukawa na baraza sokoni. Chifu alimleta afisa wa kazi atueleze sheria. Mama Mumbua alienda kwa sababu yeye hakosi baraza, nami nikaenda kwa sababu Mwendwa alikuwa mgongoni kwangu. Afisa alieleza mambo ya mshahara, akaeleza saa za kazi, kisha akasema kila mfanyakazi ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mama Mumbua akapiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu. Alidhani ni habari ya watu wa kiwanda cha pamba.

Mlinzi mmoja wa duka akasimama, akauliza kama wale wa nyumbani nao wamo.

"Wamo," afisa akasema. "Hata yule anakuchemshia chai. Na si hisani, ni sheria."

Mama Mumbua akaacha makofi, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Njiani nikajikaza nikamwuliza. Alishangaa kweli, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Asi! Kalekye, wewe si mfanyakazi, wewe ni mtoto wa hii nyumba. Na Jumapili si unapumzika? Si tunaenda kanisa na wewe?"

Mwalimu naye, jana nilipomwambia kwamba leo nitaenda kwetu, alicheka. Akasema sheria za Nairobi zikae huko Nairobi, kisha akaniagiza nimpashie moto maji ya kuoga.

Mtoto wa nyumba! Mumbua, binti yao mkubwa, ndiye mtoto wa nyumba. Yeye hukaa mbele na viatu vyake vyeupe, na usiku analala kitandani. Mimi nalala stoo na magunia ya mahindi. Habari ya mshahara tutaizungumza siku nyingine, na hizo saa pia. Mimi nilitaka siku. Moja tu, kabla mtoto wangu hajanisahau kabisa.

Leo kanisani nilikaa mkekani kama kawaida. Sikuwa nimepanga fujo. Kusema kweli niliomba nipate njia ya upole. Kisha matangazo yakaanza, Mama Mumbua akasimama kutangaza mkutano wa akina mama, na Mwendwa akamwona. Akaanza kumlilia huku amenyoosha mikono.

Desturi ni kutoka nje. Wasichana wenzangu wakakunja miguu ili nipite kwenda mlangoni.

Nikageuka upande ule mwingine.

Nilipita katikati ya viti mpaka mbele, viatu vyangu vya plastiki vikipiga kelele kwenye saruji. Mwalimu akatoa macho. Mama Mumbua alikuwa ameshakaa. Nikamwekea Mwendwa mapajani, ameshiba, nepi kavu, maana huyo sina ugomvi naye. Akanyamaza papo hapo.

"Mama, leo ni siku yangu ya kupumzika," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nitarudi jioni."

"Kalekye! Si hapa, tafadhali."

"Nyumbani nilisema, Mama. Hamkunisikia."

Nikatoka. Nilipopita mkekani msichana mmoja alinifinya mkono, lakini sikugeuka kuona ni nani.

Mto umekauka, ni mchanga mtupu na wanawake waliochimba visima wakichota maji kwa vikombe. Nilivuka nusu nikikimbia. Sikumbuki ni lini nilitembea mgongo mtupu hivyo.

Ndinda alijificha nyuma ya mama yangu. Sikumlazimisha. Nikakaa chini, tukala muthokoi wa mahindi na maharagwe, tukazungumza habari za mbuzi. Baadaye akasogea polepole, akashika nguo yangu, akainusa.

"Unanuka mtoto," akasema.

Ilikuwa nguo yangu nzuri kabisa, na bado ina mafuta ya Mwendwa, na maziwa aliyocheua begani.

"Mtoto wako ako wapi?"

Mama yangu akaangalia kando. Nikamgusa Ndinda kifuani kwa kidole. Hakuelewa. Alicheka, akadhani ni mchezo, naye akanigusa mimi. Tukauendeleza mchezo huo mpaka ikawa wakati wa kurudi.

Nimerudi kama nilivyosema. Mama Mumbua amepika mwenyewe. Mwalimu amesema maneno machache tu: "Kesho tutaongea na wewe." Najua maana yake. Wasichana wanaotafuta kazi hapa Wote ni wengi, na mama yangu na Ndinda wanakula kwa mkono wangu. Sijifanyi shujaa.

Lakini waongee. Nami nina mdomo. Wakinifukuza nitamtafuta yule afisa, nimwulize kama sheria yake ina meno ama haina.

Kazi iwepo isiwepo, Jumapili ijayo nitavuka tena mchanga wa Kaiti. Ila nitaoga kwanza, nivae nguo ambayo Mwendwa hajawahi kuilalia.