Kiti cha Mama Kiko Njiani

Singida Mjini, 29 Novemba 2004

Dada Rahel,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Miguu ya mama inaendeleaje?

Pesa za maksai mliyemuuza, konda wa basi kanikabidhi zote. Usinune. Kiti cha magurudumu nimekiona kwenye intaneti, kipya kabisa, na muuzaji wa Dar ana ofa ya Krismasi inayoisha Ijumaa. Ni mlokole yule, kila barua pepe anaanza na Bwana Yesu asifiwe. Krismasi mama ataingia kanisani kwa raha zake. Mwambie ajiandae.

Mdogo wako,
Chediel

Kinampanda, 2 Desemba 2004

Chediel,

Marahaba. Sisi wazima, miguu ya mama ni ile ile.

Nina hasira na sifichi. Maksai tumemuuza kwa kelele zako. Mvua imeanza, jozi ya maksai imevunjika, tunalima kwa jembe la mkono. Leo unaniambia duka hujaliona, mtu hujamwona, kiti umekiona kwenye picha! Bwana Yesu asifiwe hata mwizi anaijua. Binamu yetu Gasto yuko Dar. Aende akakishike hicho kiti kwa mikono, ndipo ulipe. Ofa ikiisha na iishe.

Dada yako,
Rahel

Singida Mjini, 6 Desemba 2004

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Barua yako imekuta nimeshalipa. Gasto wa nini? Tangu utoto kila jambo langu lazima ulipinge. Mzigo unapakiwa kwenye basi wiki hii, nawe endelea kununa.

Mdogo wako,
Chediel

Singida Mjini, 20 Desemba 2004

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo?

Dada, nimeibiwa. Yule mtu alidai nyongeza ya ushuru, nikamtumia mshahara wangu wote. Tangu hapo simu yake haipatikani. Gasto ameenda kutafuta duka, akakuta choo cha kulipia. Nakuomba usimwambie mama. Nitamweleza mwenyewe Krismasi.

Mdogo wako,
Chediel

Kinampanda, 26 Desemba 2004

Chediel,

Shikamoo yako sijaipokea. Afya zetu ungekuja kuziona.

Mwoga mkubwa wewe! Nami mjinga, nikanyamaza ulivyotaka. Jana wanaume wanne wamembeba mama na kitanda chake mpaka kanisani. Wakati wa shukrani akaomba kusema. Akasema mwanangu Chediel ameninunulia kiti, kiko njiani, na kwa furaha hiyo namtoa maksai wangu aliyebaki awe sadaka ya shukrani. Kanisa zima vigelegele. Mimi nimeshika benchi.

Anapelekwa Jumapili, tarehe mbili. Uje kabla, umwambie mama kwa kinywa chako. Nikisema mimi atadhani nakuonea wivu, ugomvi wetu anaujua. Huyo maksai akienda hatuna hata wa kuanzia jozi nyingine, unasikia?

Dada yako,
Rahel

Kinampanda, 3 Januari 2005

Chediel,

Jumapili imepita. Mama alitaka tumkalishe mlangoni tangu asubuhi, akasema kama umechelewa basi unahangaika na kiti.

Maksai nimempeleka mimi, kwa kamba, kwaya ikiimba nyuma yangu. Mchungaji ameniombea baraka mbele ya watu wote.

Mama ameniagiza nikuandikie kwamba anakushukuru sana.

Rahel