Zama kwa Herufi Ndogo

Papa,

Tumeshaanua matanga. Viti vya kukodi vimerudishwa, na katika nyumba ya Gahanga tumebaki mimi na shangazi, dada yako. Yeye analia vizuri, kama mtu anayejua kazi yake. Mimi bado. Jana alinikuta naosha vikombe akasimama mlangoni. "Weye hata chozi moja? Iko nini na weye? Watu wanaona!" Nikamwambia nimechoka. Ukweli ni kwamba sisikii kitu. Nakula, naoga, naitikia pole za majirani, na ndani kumekaa kimya tu.

Kitabu chako kinangojwa. Mwenye matbaa wa Remera amepiga simu, kwa upole wote, kuuliza kama sarufi ya Kilatini ya mzee itatoka au ashike kazi nyingine. Nimemwahidi kesho. Kilichobaki ni kile tulichokuwa tunagombania mpaka wiki uliyolazwa: majina ya zama.

Nilikuwa nachapa mimi, wewe umekaa kando yangu, miwani imeshuka puani. Nikiandika Medium Aevum, zile Zama za Kati, kwa herufi kubwa, kidole chako kinatua kwenye kioo cha kompyuta kabla sijamaliza neno. "Futa! Aevum ni wakati tu. Wakati haukubatizwa." Katika aetas Augusta, zama za Augusto, ulikubali herufi moja kubwa, kwa kuwa Augusto alikuwa mtu, na jina la mtu linabaki na heshima yake hata likigeuzwa sifa. Lakini aetas yenyewe, ndogo. Nikakwambia siku hizi wapo wanaoandika yote kwa kubwa. Ukasema hao hawakupita mikononi mwa mapadri waliokufundisha kule Burundi, wangepita, vidole vyao vingekuwa na adabu.

"Na Ruzagayura je?" nilikuuliza siku moja. Bibi, mama yako, alikuwa akiitaja njaa ile ya miaka ya arobaini kama jirani mkorofi: ilikuja, ikakaa, ikaondoka na watoto wake Bibi wawili. Ulivua miwani. Ukaifuta kwa shati. "Ile iliingia ndani ya nyumba," ukasema. "Ile andika kubwa." Kisha ukaendelea kunibishia kuhusu zama nyingine zote, kana kwamba hukushindwa.

Niliupenda ubishi ule kuliko nilivyowahi kukwambia. Wenzangu na baba zao huzungumza mpira. Sisi tulikuwa na hayo.

Leo mchana nimeifungua kazi yako, nikafanya utundu. Nimezigeuza zama zote kuwa herufi kubwa, tangu ukurasa wa kwanza. Aetas Aurea, zama za dhahabu. Medium Aevum. Hata zile ambazo mimi mwenyewe naona ni upuuzi. Nilichapa polepole, nimeacha nafasi upande wako, nikingoja useme futa. Niliitaka hasira yako, Papa. Naitaka mpaka sasa. Nikafika ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyenikataza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa. Kaburini nilisimama nikatupa udongo kama wengine, na sikujua. Hata hapo mezani sikulia. Mikono tu ilipata baridi, nikaikalia.

Sasa nazirudisha herufi ndogo, kama ulivyotaka. Kesho nitampelekea mwenye matbaa. Nakwenda neno moja moja, najivuta makusudi, kwa sababu nikimaliza nitakuwa nimekubaliana nawe kwa kila kitu, na sijui tena nitakuwa na nini cha kukwambia.

Pumzika, Papa.

Mwanao mbishi